Mheshimiwa Hakukojoa

Siku mbili nzima mwezi Machi 2023 nilizimaliza nikiwa nimepiga magoti mbele ya trei ya plastiki, nikitafuta mkojo. Trei ilikuwa kavu. Juu yake, ndani ya kizimba nilichonunua Gikomba kwa jamaa wa vizimba vya kuku, Mheshimiwa alikuwa amejikunja kama mtu aliyenyeshewa, macho nusu wazi, akisaga meno. Nilidhani anatafuna. Nikamsifu, hata. Nikamwongezea jani la sukuma.

Mheshimiwa ni sungura. Mweupe, macho mekundu, ile aina ya New Zealand White ambayo wafugaji wengi wa nyama hapa Kenya huipenda kwa sababu hukua haraka. Nilimwita hivyo kwa sababu hana kazi, analetewa chakula mpaka mlangoni, na akikasirika anapiga mguu chini mpaka jirani wa chini anagonga dari kwa ufagio. Alinipa mjomba wangu Januari 2022, miezi michache baada ya mimi kuacha chuo mwaka wa tatu. Sababu za kuacha chuo ni ndefu na hazina maana hapa. Kilicho na maana ni kwamba nilikuwa nimehamia chumba kimoja Roysambu, naandika makala za kulipwa kwa neno, na kulikuwa na siku ambazo mtu wa kwanza kusikia sauti yangu alikuwa mama mboga saa kumi na mbili jioni. Mjomba aliniambia, "Chukua huyu, ata ukishindwa utakula." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Wacha niseme nilichomlisha, kwa sababu kesi yote iko hapo.

Asubuhi nilimpa bakuli la peleti, zile za gunia ambazo mjomba hulisha watoto wa sungura wanenepe kabla ya kuuzwa. Mchana lusini kavu, yale majani ya ng'ombe wa gredi, niliyokuwa nikinunua duka la chakula cha mifugo kwa bei iliyoniuma lakini niliona ni kama kumlipia mtoto shule nzuri. Jioni ilikuwa sukuma. Mama mboga alinijua. Akinikatia yangu, yale majani ya nje yaliyochanika aliyafunga kando na kusema, "Na hii ni ya Mheshimiwa." Wikendi, karoti. Maji alikuwa nayo kwenye chupa ya kuning'inia, ile yenye kigololi kwenye mdomo, ya mililita 250, na nilifurahi kwamba huwa haiishi haraka. Wakati mwingine ilimaliza siku mbili. Niliona sungura wangu hana makuu.

Nyasi hakuwa akipewa. Nyasi niliziona kama chakula cha shida.

Kwenye trei kulikuwa na ukoko mweupe ambao haukutoka kwa sabuni. Jirani yangu wa chumba namba 9, mama mtu mzima kutoka Lamu ambaye amekuja kukaa na binti yake, aliniona siku moja kwenye beseni la kufulia nikikwangua kwa kisu. "Mwanangu, hiyo ni chokaa hiyo. Kwetu birika huota vivyo hivyo kwa maji ya kisima. Tia ndimu." Nilitia siki, ikachemka povu, ikatoka. Nikaendelea na maisha. Sikujiuliza chokaa imefikaje kwenye choo cha sungura. Mtu anaweza kuoshea swali kwenye sinki kila Jumamosi kwa mwaka mzima na asijue ameulizwa.

*

Daktari wa kwanza niliyempelekea alinitazama, akamtazama Mheshimiwa ndani ya katoni ya unga, akaniuliza kama nimekuja kuuza. Simlaumu. Siku nzima yake ni ng'ombe wa homa na mbwa wa chanjo. Alimgusa tumbo, akasema hajui sana hawa, na kwa bei ya dawa ningenunua wengine watatu. Alisema ukweli wa hesabu. Sungura mkubwa kwa mjomba ni shilingi 1,000 hivi.

Daktari wa pili alikuwa mwanamke, na jambo la kwanza aliloniuliza ni, "Anakula nini?" Nilimtajia orodha yangu kwa majivuno, kama mzazi siku ya mikutano shuleni. Hakuandika chochote. Alisema tu, "Nyasi je?" Nikasema hapana, huwa namnunulia vitu vizuri.

Eksrei ya sungura mzima kibofu huwa ni kivuli tu, huwezi kukiona vizuri. Cha Mheshimiwa kilikuwa kinang'aa. Cheupe pe, cha mviringo, kama mtu amemeza yai lililochemshwa. Daktari alikiweka kidole kwenye kioo akasema, "Hii yote ni tope la kalsiamu." Halafu akanieleza kitu ambacho sijawahi kukisahau, na nitakieleza hapa kwa sababu bila hicho mtu anaweza kudhani nazungumzia bahati mbaya.

Matumbo yetu sisi, na ya wanyama wengi, yana bawabu. Mwili ukiwa na kalsiamu ya kutosha, hauchukui nyingine. Inayobaki hutoka na kinyesi. Sungura hana bawabu huyo. Kalsiamu iliyo kwenye chakula huingia kwenye damu karibu kwa kadiri ilivyo kwenye chakula, kisha figo ndizo zinazolazimika kuitoa kwa njia ya mkojo. Kwa mamalia wengi, kalsiamu inayotoka kwa mkojo haifiki asilimia 2. Kwa sungura ni kati ya 45 na 60. Na kwa kuwa mkojo wake si wa asidi, ile kalsiamu hugeuka chembechembe za kabonati, kitu kile kile kilicho kwenye ganda la yai na kwenye mawe ya matumbawe yaliyojenga Fort Jesus. Ndiyo maana mkojo wa sungura mwenye afya huwa na ukungu, kama maji ya kuoshea mchele. Hilo ni sawa. Taabu huanza chembe zinapokuwa nyingi na maji yanapokuwa machache, na mnyama akiwa mnene, amekaa tu, hakojoi mara kwa mara wala hamalizi. Chembe hutulia chini ya kibofu kama machicha ya chai. Hukaa, huwa nzito, mwisho zinatoka kama dawa ya meno, au hazitoki kabisa. Wengine huota mawe.

Lusini ina kalsiamu mara mbili mpaka tatu ya nyasi za kawaida. Peleti zangu zilikuwa za mtoto anayekua. Sukuma ni miongoni mwa mboga zenye kalsiamu nyingi, na ndiyo maana hata sisi tunaambiwa tuile. Kila nilichompa kwa upendo kilikuwa chokaa. Nilichomnyima, nyasi na maji, ndicho kilikuwa dawa. Sungura wa kilo tano anahitaji karibu nusu lita ya maji kwa siku. Wangu alikuwa akifyonza robo lita kwa siku mbili kutoka kwenye kigololi, na mimi nikimsifu kwa kutokuwa na makuu.

Na yale meno? Sungura husaga meno taratibu akiwa na raha ukimkuna, na husaga kwa nguvu akiwa na maumivu. Yeye ni mnyama wa kuwindwa. Akionyesha udhaifu ameliwa. Kwa hivyo huumwa kimya. Alikuwa akiniambia kwa sauti pekee aliyo nayo, nami nikamletea sukuma.

Walimpa nusukaputi, wakamsafisha kibofu kwa mpira mwembamba na maji ya chumvi, wakamtia maji chini ya ngozi, dawa ya maumivu siku saba. Shilingi 11,500. Kodi yangu ilikuwa 7,000.

*

Sasa nifike kwenye lile ninalolionea aibu zaidi.

Novemba 2021, kabla sijapata sungura yeyote, mteja mmoja wa ng'ambo aliniagiza makala ishirini kuhusu wanyama wa nyumbani. Shilingi 300 kwa maneno 500. Niliandika kuhusu hamsta bila kuwahi kuona hamsta. Niliandika jinsi ya kumtuliza paka wa Kiajemi wakati wa fataki. Na niliandika makala moja juu ya chakula cha sungura. Nilifungua makala za watu wengine tatu, nikageuza sentensi zao ili mashine isizitambue, nikaweka mpangilio mzuri. Humo nilisema kwamba lusini ni bora kuliko nyasi za kawaida kwa sababu ina protini na kalsiamu nyingi ya kuimarisha mifupa na meno. Ni kweli kwa sungura mdogo anayekua, au jike anayenyonyesha. Nilikuwa nimelikata neno "mdogo" kwa sababu sentensi ilikuwa imezidi urefu.

Basi nilipompata Mheshimiwa, nikaingia mtandaoni kutafuta anakula nini. Nikakuta makala imeandikwa vizuri sana, kwa uhakika, chini ya jina la mwanamke wa kizungu na picha yake akitabasamu. Nilisoma aya mbili ndipo nikagundua ni yangu. Na bado nikaifuata.

Nimefikiria sana kuhusu hilo la mwisho. Mtu aliyejua kabisa kwamba mwandishi hajui kitu, kwa kuwa mwandishi ni yeye mwenyewe, aliamini kwa sababu ilikuwa imechapishwa.

Kuna somo moja la falsafa nililosoma mwaka wa pili ambalo bado linanidai. Aristotle anatofautisha anayetenda kwa kutojua na ambaye kutojua kwake ni kosa lake. Mfano wake ni mlevi. Mlevi hakujua alichofanya usiku, sawa, lakini alikuwa na uwezo wa kutolewa, kwa hivyo kulikuwa na sheria za kumwadhibu mara mbili. Darasani tulicheka, tukataja wenzetu kwa majina. Siku ya eksrei sikucheka. Hakuna aliyenificha habari za sungura. Daktari alizijua, mjomba alizijua nusu, zipo kwenye vitabu vya mifugo. Mimi nililipwa kutozijua, shilingi 300, nikaridhika.

Wenzangu wa kazi hii wataniambia nimejitwika mzigo mkubwa. Sisi ni vibarua. Mteja anataka maneno, anapata maneno. Nakubali kwamba lawama nyingine ni ya anayelipa kiasi ambacho huwezi kutafuta ukweli nacho; kwa 300 hata nauli ya kwenda kumwona mfugaji haitoshi. Lakini mnyama aliyejaa chokaa hajui bei ya neno.

*

Usiku ule niliporudi naye, bado amelewa dawa, yule mama wa Lamu alikuja kuniona. Alileta uji. Akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, kwa kuwa kiti kimoja nilichonacho kilikuwa na katoni ya mgonjwa. Nilimweleza yote. Nilitaka aniambie pole, na kwamba sikukusudia.

Pole alinipa. Halafu akanikumbusha habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka, hadithi ya Mtume ambayo, alisema, hata watoto wa chuoni kwao wanaijua. Mwanamke yule alimfungia paka. Hakumlisha, na wala hakumwachilia akajitafutie vijidudu vya ardhini. Paka akafa.

Nikamwambia, "Lakini Mama, mimi nilimlisha. Nilimlisha hata kupita kiasi."

Akasema, "Najua. Mimi sikusemi wewe. Nasema lile la kumfungia."

Akanywa uji wake. Hakuongeza neno. Mimi ndiye niliyekaa nalo mpaka alfajiri.

Kwa sababu nilikuwa nimeielewa hadithi hiyo miaka yote kama habari ya njaa, kumbe uzito wake uko kwenye ule mlango uliofungwa. Paka aliye nje akifa njaa ni bahati ya dunia. Paka aliye ndani akifa njaa ni kazi ya aliyeshika ufunguo. Ukimfungia kiumbe, umemwondolea njia zote za kurekebisha makosa yako. Sungura aliye huru akila jani lenye chokaa nyingi, kesho atakula nyasi, atakula gome, atatembea, atakunywa umande. Chakula chake hujisawazisha kwa miguu yake. Wangu hakuwa na miguu ya aina hiyo. Alikuwa na sentimita tisini kwa sitini na mtu mmoja aliyeamua kila kinachoingia mdomoni mwake. Kosa langu likawa hali ya hewa yake.

Katika ngano zetu Sungura hukataa kuchimba kisima na wenzake, halafu kila siku anamlaghai mlinzi na kunywa maji. Yule ni sungura wa porini, wala si jamaa wa karibu wa Mheshimiwa. Hawa weupe asili yao ni Ulaya. Lakini nilimkumbuka. Mheshimiwa hakuwa na kisima cha kuibia. Alikuwa na kigololi.

Hapa ndipo naachana na wale wanaosema nia njema inatosha. Kant alifundisha kwamba wajibu wetu kwa wanyama kwa kweli ni wajibu kwa binadamu: anayezoea kumtesa mbwa atakuwa mgumu pia kwa watu. Kwa kipimo hicho mimi nilikuwa mtu safi. Moyo wangu ulikuwa laini kila jioni pale kwa mama mboga. Hakuna ugumu wowote nilioujenga ndani yangu. Na bado kibofu kilikuwa kimejaa. Yaani maadili yanayotazama moyo wa mfugaji peke yake hayawezi kuiona eksrei. Sheria yetu nayo, Sura ya 360 inayozuia ukatili kwa wanyama, inamhesabu kuwa mkosaji mwenye mnyama anayemnyima chakula au maji. Sidhani kuna askari atakayepanda ngazi mpaka ghorofa ya nne kunikamata kwa sababu ya sukuma.

*

Mtu atauliza, na mama yangu je? Mimi nimekulia kwa chai ya sukari vijiko vinne na mkate mweupe, na leo nina meno matatu yaliyozibwa. Mbona yeye nimemsamehe hata bila kufikiria?

Nimejaribu kujibu hili kwa uaminifu. Sehemu moja ni kwamba mama aliuliza. Alinibeba kliniki kila mwezi na kitabu kile cha kupima uzito, akafanya alichoambiwa na nesi. Sehemu nyingine ni kwamba hakunifungia. Nilikula mapera ya jirani, nilikula miwa ya kuiba, nilikunywa maji mtoni nikakatazwa nikanywa tena. Mama alikuwa na mamlaka makubwa juu yangu lakini hayakuwa mamlaka yote. Kadiri mlango unavyobana, ndivyo anayeushika anavyodaiwa kujua. Sina njia nyingine ya kuliweka.

Lakini kumtaja mama kunanirudisha kwenye deni jingine. Wiki ile ile ya Machi alikuwa amenipigia. Mvua ilikuwa inakaribia, alitaka 4,000 za mbolea. Nilimwambia, "Mama, nitatuma wiki ijayo, kazi imekwama kidogo." Kazi haikuwa imekwama. Pesa zilikuwa zimeingia kwenye kibofu cha sungura. Alipanda kwa samadi ya mbuzi, basi. Mahindi yakapatikana, si mengi. Baadaye mjomba alimpelekea mtungi wa mkojo wa sungura anyunyizie majani, akiuchanganya na maji. Kama hujui, huo ni mradi mkubwa siku hizi. Wafugaji huweka mabati ya mteremko chini ya vibanda, wanakinga mkojo, wanauza kwa lita kama mbolea ya maji na ya kufukuza wadudu. Mjomba huniambia kuna miezi mkojo unamlipa kuliko nyama.

Sijamwambia mama ukweli. Nimejaribu kujiuliza kama nilifanya haki, na jibu linabadilika kutegemea nimeamkaje. Siku nyingine naona kwamba mama angeweza kumwomba mtu mwingine na Mheshimiwa hangeweza. Siku nyingine naona hiyo ni hoja ya mtu anayetafuta hoja. Ningekuwa nimempa nyasi tangu mwanzo, mama angepata mbolea. Uzembe wangu kwa mmoja ulilipwa na mwingine, na hakuna kati yao aliyeulizwa.

Na mjomba? Nilipomweleza gharama, alinyamaza kwenye simu kwa muda mrefu nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Hawa wangu hawajawahi kuwa na hiyo shida." Ni kweli, na nilipanda gari hadi Nyandarua kuona kwa nini. Vibanda vyake wazi pande zote, nyasi amekata kando ya barabara, peleti kwa kipimo, maji kwenye vibakuli vizito vya saruji. Aliwalisha vizuri kuliko mimi, yeye ambaye anajua tarehe ya kumchinja kila mmoja. Nilirudi nikiwa nimechanganyikiwa kabisa: asiyewapenda amewatunza, mpenzi amemjaza wake mawe.

Ilinichukua muda kuona kasoro. Sungura wa mjomba huchinjwa wakiwa na miezi minne au mitano. Tope halina muda wa kujikusanya. Peleti zile zile zilizomuumiza Mheshimiwa haziwadhuru wao, kwa sababu hawaishi kufikia madhara. Mheshimiwa anaweza kuishi miaka minane, kumi. Ugonjwa wake ni ugonjwa wa aliyeachwa aishi. Kwa hivyo sikubali tena kwamba mjomba ana haki kuliko mimi, wala sikubali kwamba mimi nina huruma kuliko yeye. Yeye amewaahidi miezi mitano na ameitimiza kwa usafi. Mimi niliahidi miaka kumi bila kuuliza miaka kumi inalishwa nini.

*

Chakula cha Mheshimiwa sasa hakina hadithi. Boma Rhodes, ile nyasi ya marobota, na inakaa mbele yake usiku na mchana. Ndiyo karibu chakula chote. Robota moja linamaliza wiki nyingi na ni rahisi kuliko lusini niliyokuwa nikijibana kununua. Peleti ni vijiko viwili. Majani nayapokezana: dania, giligilani ya kizungu kidogo, mabua ya mkarafuu mwitu hapana, nilijifunza kutojaribu nisichokijua, majani ya karoti, letusi ya majani mabichi, na nayasuuza nampa yakiwa bado yana maji. Sukuma hupata mara moja kwa wiki, jani moja, kwa sababu mama mboga alihuzunika. Daktari alinionya pia nisikimbilie upande wa pili na kumwondolea kalsiamu yote. Meno ya sungura hayaachi kukua, na bila kalsiamu meno na mifupa huharibika. Hii iliniudhi kidogo. Nilitaka adui mmoja.

Maji yako kwenye bakuli zito la udongo. Usiku wa kwanza nilipoliweka alikunywa mpaka nikaogopa. Inaonekana kuna sungura hunywa zaidi kwenye bakuli kwa sababu ndivyo shingo zao zilivyoumbwa kunywa, kichwa chini. Mwaka mzima alikuwa na kiu mbele ya chupa iliyojaa. Na jioni namfungulia, anazunguka chumba, anaguguna waya wa chaja, anaruka juu ya godoro, kibofu kinatikisika, machicha hayatulii. Keateka anajua. Tumeelewana.

Imerudi mara moja, Agosti mwaka jana, si kwa ukali. Mkojo mwekundu ndio ulionitisha zaidi, wiki ile ya biturutu, lakini ilikuwa rangi ya chakula tu, si damu. Nilikimbia mpaka kwa daktari na trei mkononi ndani ya matatu. Kondakta aliniuliza ni nini. Nikamwambia ni sampuli. Akaniachia kiti cha mbele peke yangu.

Makala yangu ya 2021 bado ipo. Nilimwandikia mteja mara mbili nikiomba aongeze neno moja, "mdogo", na nikajitolea kuiandika upya bure. Mara ya kwanza alisema atalitazama. Mara ya pili alijibu kwamba ameuza ule mtandao na wanaoumiliki sasa hawajui. Nimewaandikia hao wapya. Yule mwanamke anaendelea kutabasamu. Sijui ni mahali gani duniani kuna mtu amepiga magoti mbele ya trei kwa ajili ya neno nililolikata.

Wiki jana mteja mwingine ameniagiza maneno 800 kuhusu samaki wa mapambo. Nimemwomba siku nne, kwa bei ile ile. Kuna kijana huuza samaki hao kwenye mifuko ya plastiki kando ya barabara, nataka kwanza nikaongee naye, na daktari amesema nimpigie Ijumaa. Mteja ameuliza siku nne ni za nini. Sijamjibu bado. Nilikuwa nikibadilisha maji ya Mheshimiwa.